Sifuri ya Geji

Mwalimu Okwir aliturudishia karatasi za jaribio Jumanne saa kumi na mbili jioni, jua likiwa bado linaingia darasani kwa madirisha yasiyo na mapazia. Alipita kati ya madawati akiziweka kifudifudi, moja moja. Yangu aliiweka taratibu kuliko nyingine. Nikajua.

Arobaini na tano. Ili kituo chetu cha masomo ya jioni kikuandikishe kufanya mtihani wa taifa wa kidato cha sita, sharti upate hamsini katika jaribio hili la kemia. Mwaka jana nilipata arobaini na moja, na kituo hakimpi mtu nafasi ya tatu. Orodha ya watakaoandikishwa ilikuwa inafungwa Ijumaa.

Nilipekua karatasi hadi swali la saba, lililokuwa na alama kumi. Pale nilipoandika 0.88, mwalimu alikuwa amepazungushia duara kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni, "Umeitoa wapi?" Chini yake aliweka sifuri.

"Mama Oksijeni, umepata ngapi?" Bonny aliniuliza kutoka nyuma. Bonny huuza vifuniko vya simu kule Kalerwe, ana miaka ishirini na mitatu, na ndiye aliyenibandika jina hilo wiki ya kwanza aliposikia kwamba kazi yangu ni kujaza mitungi ya oksijeni. Sikujaliwa mtoto. Hakuna mahali pengine ninapoitwa mama wa kitu.

"Nimepata za kunitosha," nikamjibu.

"Basi ni chache, maana wewe huli sana!"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao ili nisionekane. Abalo, ambaye kwa miaka miwili sasa ninaketi naye dawati moja, hakucheka. Yeye ni koplo wa polisi, mzaliwa wa kaskazini, na hutokea kazini moja kwa moja akiwa na magwanda yake. Aliisogeza karatasi yake kwangu akiifunika kwa mkono, kisha akainua vidole viwili. Hamsini na mbili. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Miaka kumi na nne nasimama kwa geti," alininong'oneza. "Mkubwa wangu alisema nikifanya huu mtihani mwaka huu, jina yangu inaenda kwa mafunzo ya maabara. Mwaka huu, si mwingine. Banange, hamsini na mbili!"

Nilimshika mkono. Nilifurahi kwa ajili yake, na ninasema hivyo mbele za Mungu. Karatasi yangu niliikunja mara nne nikaitia ndani ya Biblia.

Sikuanza masomo ya jioni kwa sababu ya kuipenda kemia. Nilianza kwa sababu jioni zilikuwa ndefu. Mume wangu Wandera alifariki miaka mitano iliyopita. Ndugu zake walikuja kumchukua, tukamzika kwao Busia, na baada ya matanga nikarudi Kampala peke yangu kwa kuwa kazi yangu iko huku. Chumba chetu cha Luzira ni kimoja. Tulipokuwa wawili tulikuwa tukigongana ndani yake. Sasa nikiweka kikombe mezani, kesho yake ninakikuta pale pale, mpini umeelekea upande ule ule. Kwetu Bungoma sisi ni watu wa kanisa la Marafiki, na karibu na ninapoishi sijapata kanisa hilo, kwa hiyo hata Jumapili ninaomba peke yangu, nikikaa kimya kama bibi yangu alivyonifundisha. Nilimwomba Mungu anipe mahali pa kuwa kati ya saa kumi na moja na saa mbili za jioni. Sikumwomba zaidi ya hapo. Wiki hiyo hiyo niliona tangazo kwenye nguzo ya umeme: masomo ya jioni kwa watu wazima, Kansanga. Nikaanza na kidato cha nne, nikapita. Kisha nikaendelea, maana jioni zilikuwa bado zipo.

Kama jina langu lingekosekana Ijumaa, basi jioni hizo zingerudi zote kwa pamoja. Hilo ndilo nililolifikiria njiani kurudi Luzira siku ile. Mtihani wenyewe sikuufikiria hata kidogo.

Jaribio lilikuwa la msawazo wa gesi, somo ambalo mwalimu Okwir alitufundisha kwa wiki mbili. Ni kijana wa miaka thelathini na kidogo, mtu wa Lira, mwembamba, mwenye haraka ya mikono. Alituchorea chombo kilichofungwa. Ndani yake kuna gesi isiyo na rangi. Ukiipasha joto, kila chembe yake huvunjika kuwa chembe mbili za gesi ya kahawia, na zile za kahawia nazo hukutana na kurudiana. Zinavunjika na kurudiana hadi kasi ya kwenda na ya kurudi inalingana. Wakati huo ukichukua shinikizo la gesi ya kahawia, ukalizidisha kwa lenyewe, ukagawanya kwa shinikizo la gesi isiyo na rangi, unapata namba ambayo haibadiliki maadamu joto halijabadilika. Namba hiyo tunaiita Kp.

"Sasa," mwalimu alituuliza siku ile, "shinikizo tulipime kwa nini? Kwa atmosfia, bar, au paskali?"

"Kwa ile yenye namba kubwa," Bonny alisema. "Wateja hupenda namba kubwa."

"Chukua unayotaka, lakini uitaje, na usiiache njiani." Akaandika ubaoni. "Kuna mabadiliko ambayo kipimo hujifuta chenyewe. Chembe mbili huku, chembe mbili kule. Ukigawanya, bar ya juu inakufa na bar ya chini. Hapo hata ukipima kwa vikombe, jibu ni lile lile. Lakini hii ya leo juu ina mbili na chini ina moja. Bar moja inabaki hai. Kwa hiyo wa bar atapata mbili na kitu, wa paskali atapata laki mbili na kitu, na wote wako sawa. Kosa ni kuanza na bar ukamalizia na atmosfia, kama mtu anayeanza Baba Yetu halafu katikati anaingia Salamu Maria."

"Kwetu hiyo ni kawaida, mwalimu," Abalo alisema. "Baba alikuwa Mwislamu, mama Mkatoliki. Mimi nikikosa huku, nimekosa na kule."

Darasa lilicheka hadi mwenye duka la jirani akachungulia dirishani. Zile ndizo jioni ninazozisema.

Mimi nilichagua bar, kwa kuwa ndiyo tunayoitumia kazini.

Swali la saba mwalimu alikuwa amelipata kwa rafiki yake anayefanya kazi katika maabara moja hapa mjini. Alituambia kwa fahari kwamba safari hii namba ni za jaribio la kweli, hakuzibuni. Chombo kimefungwa, joto ni nyuzi sitini na nane, nusu ya gesi isiyo na rangi imevunjika, na geji ya chombo imesoma bar 1.12. Tafuta Kp, uchague kipimo chako mwenyewe.

Wenzangu kumi na watatu walichukua ile 1.12 wakaendelea nayo. Abalo alipata bar 1.49. Wengine walipata atmosfia 1.47. Bonny, kwa mapenzi yake ya ukubwa, alipata paskali 149,000. Zote zilipigwa tiki, na kwa haki, kwa sababu ni jibu moja katika vipimo vitatu. Mimi peke yangu nilikuwa na bar 2.67.

Lazima nieleze mambo ya kazini, la sivyo ile 0.88 itaonekana wazimu kama ilivyoonekana kwa mwalimu.

Mtungi wa oksijeni unaporudi kutoka hospitali geji yake ikiwa sifuri, watu husema ni mtupu. Si mtupu. Umejaa hewa ya kawaida, sawa na hii ya chumbani. Geji haihesabu hewa hiyo. Yenyewe huanza kuhesabu pale hewa ya nje inapoishia. Kwa hiyo kabla ya kujaza oksijeni ya mgonjwa, sisi huifyonza kwanza ile hewa kwa pampu, na sindano ya geji inashuka chini ya sifuri mpaka inasimama. Hapa Kampala inasimama karibu na 0.88, haishuki zaidi.

Kuna fundi alitoka Mombasa akaja kufanya kazi kwetu. Akaona sindano inakataa kufika moja. Akabadilisha mafuta ya pampu. Siku ya pili akabadilisha mpira. Siku ya tatu msimamizi wetu, Mzee Dawudi, alimshika mkono akampeleka kwenye kipimahewa kilichotundikwa ukutani karibu na ofisi.

"Mwanangu, kwenu baharini hewa ni nzito, inafika moja na zaidi," alimwambia. "Huku tuko juu. Hewa yote tuliyopewa ni sifuri nukta nane nane. Unataka kufyonza kile ambacho Mungu hakuweka?"

Ndiyo sababu nilipoona neno geji katika swali, mkono wangu uliongeza 0.88 kabla kichwa hakijafikiri. Moja nukta kumi na mbili, ukijumlisha na sifuri nukta nane nane, ni bar mbili kamili. Theluthi yake ni gesi isiyo na rangi, theluthi mbili ni ya kahawia. Jibu linatoka lenyewe.

Jumatano wakati wa chai nilimwonyesha Mzee Dawudi karatasi. Aliisoma akiwa ameishika mbali na macho.

"Huyu mwalimu wako hajawahi kufunga valvu hata moja," alisema.

"Kwa hiyo niko sawa, mzee?"

"Uko sawa. Chombo hakijui mambo ya geji. Gesi ndani inasukuma kwa nguvu yake yote, siyo kwa ile inayozidi ya nje tu." Akanirudishia. "Utafanya nini?"

"Nitamwambia mwalimu."

"Na wenzako?"

Nilikuwa sijawafikiria wenzangu. Nilisimama pale na kikombe cha chai mkononi nikafanya hesabu ambayo sikupenda kuifanya. Kama 2.67 ndiyo sahihi, basi 1.49 si sahihi, kwa kipimo chochote. Hamsini na mbili ukitoa kumi ni arobaini na mbili.

Jioni hiyo hapakuwa na darasa. Nilirudi chumbani, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kiti cha Wandera kwa sababu ndicho chenye mgongo ulionyooka, nikanyamaza. Kwanza niliomba nionyeshwe kama ninatafuta ukweli au ninatafuta alama kumi. Sikuonyeshwa. Nadhani nilikuwa nikitafuta vyote viwili, na Mungu alilijua hilo. Kisha nikaomba kwamba kama ni mapenzi yake ninyamaze, aniondolee ile 0.88 kichwani. Haikuondoka. Nikamwambia, Bwana, Abalo ndiye mtu pekee mjini anayeniuliza nimekula nini. Nikangoja. Kwa jirani walikuwa wanakaanga kitunguu, mafuta yakilia sufuriani, na mtoto wao alikuwa anakariri jedwali la saba, akikosea kila akifika saba mara nane. Nikajikuta ninamngoja afike pale tena. Alipopatia, nililia.

Alhamisi nilifika Kansanga mapema. Abalo alikuwa nje ya lango la kituo, kofia ya kazi kwapani, anakula gonja, ile ndizi tamu ya kuchoma. Alinivunjia kipande bila kuniuliza.

"Uso yako iko namna ya msiba, mama," alisema.

"Ni swali la saba, afande."

"Wacha hiyo. Ilikwisha kufa."

Nikamweleza. Mtungi, geji, hewa ya nje, fundi wa Mombasa na mpira wake. Abalo si mtu wa kuelezwa mara mbili. Kabla sijamaliza alikuwa ameacha kutafuna.

"Kwa hiyo sisi wote tulikosa."

"Mwalimu alikosa. Nyinyi mlimfuata."

"Na wewe peke yako ulipata."

"Ndiyo."

"Mimi niko na hamsini na mbili."

"Najua."

"Unajua, na umekuja kuniambia."

"Sikutaka ulisikie ndani, mbele ya watu."

Alitoa kicheko kifupi. "Sisi polisi pia tunafanya hivyo. Tunabisha mlango kwanza." Alikifunga kipande cha gonja kilichobaki kwenye gazeti lake, akakikunja vizuri, kona kwa kona. "Uliomba juu ya hii kitu?"

"Niliomba."

"Na Mungu alisema nini?"

"Hakuniambia kitu."

"Angalau hamkupanga nyinyi wawili." Alivaa kofia yake, ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha. "Enda umwambie. Nikikukataza nitakuwa mtu namna gani? Lakini ukisema, usiniangalie."

Darasani alikaa dawati la mbele, penye nafasi ya mtu mmoja.

Niliwangoja wote watoke. Mwalimu Okwir alikuwa anafuta ubao. Niliiweka karatasi mezani, duara jekundu likiwa juu.

"Uliniuliza nimeitoa wapi, mwalimu. Nimeitoa ukutani kwetu kazini."

Alinisikiliza akiwa bado ameshika kifutio. Mwanzoni alitabasamu, tabasamu la mtu anayemvumilia mkubwa wake kwa umri. "Mama, katika maswali haya shinikizo ni lile lililotajwa. Hatuongezi kitu."

"Likitajwa shinikizo la gesi, hatuongezi. Wewe umetaja geji."

"Geji inapima shinikizo."

"Geji inapima tofauti. Chukua chombo hicho hicho ukifungue, gesi yote itoke, hewa iingie. Geji itasoma sifuri. Je, ndani hakuna shinikizo? Ungeitumia hiyo sifuri kwenye hesabu yako, ungegawanya kwa sifuri."

Alikaa chini. Akaiangalia karatasi kwa muda, kalamu ikigonga meno. Halafu akatoa simu akampigia rafiki yake wa maabara, akaiweka sauti ya nje. Nilimsikia yule rafiki akicheka.

"Ni ya geji, bwana, kwani nilikuandikia nini? Hewa ya siku hiyo nimeiweka ukurasa wa pili. Mia nane na themanini, millibar; hiyo ni bar sifuri nukta nane nane."

Mwalimu Okwir aliaga, akaiweka simu mezani kama kitu cha moto. "Ukurasa wa pili sikuunakili," alisema. "Niliona kama ni mambo ya hali ya hewa." Kisha akasema, "Nisamehe, mama." Nilimwona amekuwa kijana ghafla.

"Hakuna neno."

"Hakuna aliyepewa hewa ya nje isipokuwa wewe, na hukupewa na mimi. Nikikupa kumi na kuwanyima wengine, nitakuwa ninawahukumu kwa ukurasa niliouacha mezani kwangu."

"Basi tupe sote kumi," nikasema haraka. Nililisema kwa nguvu, nikijua ninamtetea nani. "Walifanya hesabu vizuri, mwalimu. Kipimo walikitaja. Hawakuhama njiani."

"Niwape kwa namba ambayo najua si kweli? Nikawatie tiki, waende kwenye mtihani wa taifa wakaamini geji?" Akatikisa kichwa, akaikunja karatasi yangu. "Niachie mpaka kesho."

Usiku ule sikuomba chochote kwa maneno. Nilikaa tu.

Ijumaa saa sita mchana, nikiwa kwenye mstari wa mitungi, simu ilitetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa mwalimu kwenye kundi letu la darasa. Aliandika kwamba swali la saba lilikosa taarifa ambayo bila hiyo halikuweza kujibiwa, kwamba kosa ni lake, na kwamba amelifuta. Jaribio sasa litahesabiwa kwa alama tisini badala ya mia. Hakunitaja jina. Hapakuwa na haja.

Nilivua glavu nikapiga hesabu kwenye vumbi la mtungi kwa kidole. Mimi sikuwa nimepata kitu katika swali la saba, kwa hiyo sikupoteza kitu: arobaini na tano kati ya tisini, hamsini kwa mia kamili, bila hata sehemu moja ya ziada. Abalo alikuwa amebaki na arobaini na mbili kati ya tisini. Arobaini na sita na kitu kwa mia. Bonny na wengine wote walikuwa juu sana, wangeweza kupoteza swali wasilihisi. Aliyeanguka alikuwa mmoja.

Zile alama kumi nilizozisemea hazikuja kwangu. Hakuna mtu aliyezipata. Ziliondoka tu.

"Mama Oksijeni, umetukatia hewa!" Bonny aliandika kwenye kundi, na vikaragosi vya kucheka. Baada ya dakika chache likatokea lile neno dogo la kijivu katikati ya ukurasa, kwamba Abalo ameondoka kwenye kundi. Bonny akaufuta ujumbe wake.

Mzee Dawudi aliniona nimesimama. Alichukua mtungi uliokuwa mbele yangu, akaufunga kwenye pampu mwenyewe, akaniambia niende mapema.

Ofisi ya kuandikisha ni chumba cha mbele cha kituo. Karani anaitwa Ayaa, mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya upole na muhuri ambao huupuliza kabla ya kuugonga. Orodha ilikuwa mezani kwake. Jina langu lilikuwa la mwisho, limeongezwa kwa kalamu: Nabalayo. Juu yake palikuwa na jina lililopigwa mstari, mstari mmoja tu ulionyooka, na jina lenyewe bado lilisomeka.

Nilijaza fomu. Jina, nchi, mwaka wa kuzaliwa, masomo. Nilipoandika "Kemia" herufi zilikaa vizuri, na kwa muda mfupi nilisikia furaha yangu, peke yake, bila kitu kingine. Nikamshukuru Mungu kwa hiyo. Kisha nikampa Ayaa.

"Nyabo, hapa hujajaza," alisema, akiniita bibi kwa Kiganda. Aliweka kucha kwenye mstari wa chini. Jamaa au rafiki anayeishi Kampala, wa kupigiwa simu likitokea jambo.

"Lazima?"

"Lazima. Mtu anaweza kuzimia kwa chumba cha mtihani. Tutampigia nani?"

Nilishika kalamu. Mama yangu yuko Bungoma na simu humpokelea watoto wa jirani. Ndugu za Wandera nao wako Busia, na tangu mazishi hatuzungumzi sana. Mzee Dawudi hukaa mbali, Bombo, na wiki iliyofuata angeanza likizo yake kwenda kwa wanawe. Nilipitia simu yangu jina kwa jina. Fundi wa maji. Mwenye nyumba. Duka la dawa. Ayaa alijifanya anapanga karatasi.

Nikampigia Abalo. Ililia muda mrefu hadi nikadhani itakatika.

"Afande, ni mimi."

"Nimeona jina." Nyuma yake nilisikia honi na lango la chuma likivutwa. Alikuwa kazini.

"Niko kwa Ayaa, najaza fomu. Wanataka mtu wa kupigiwa kama kitu kikinipata. Nimetafuta, sina mtu. Nakupigia kukuomba niandike jina lako."

Lango lilivutwa tena, akamwambia mtu apite. Kisha akarudi karibu na simu.

"Hii pia uliomba?"

"Hapana. Hii sikuwahi."

"Hm." Nilimsikia anavuta pumzi. "Andika."

"Asante, Abalo."

"Andika jina yote. Abalo Mariam. Hiyo Mariam wewe hukujua."

"Sikujua."

"Miaka mbili." Alisema hivyo tu. Halafu akasema, "Wakinipigia nitakuja. Hiyo ni kazi, nitakuja. Lakini wewe usinipigie, mama. Mwezi huu usinipigie. Nikiwa tayari mimi nitakutafuta."

"Sawa."

Akakata.

Niliandika Abalo Mariam, na nambari yake, ambayo naijua kwa moyo. Palikuwa na mstari mmoja zaidi ulioniuliza ni nani kwangu. Niliutazama, nikaandika "rafiki", nikaisukuma fomu upande wa pili wa meza. Ayaa aliipitia yote kwa kidole, akaupuliza muhuri, akaugonga.

"Tumemaliza, nyabo," alisema, kisha kwa mazoea yake akainua kichwa na kuita, "Anayefuata!"

Nyuma yangu hapakuwa na mtu.